Cherehani Isiyo na Mkanda

Mkanda wa cherehani ya marehemu ulikuwa umetundikwa msumarini, lakini pedali yake ilikuwa inatembea.

Mjane aliiona mara ya kwanza mchana mmoja wa mvua, akiwa ameinamia pindo la sare ya shule. Maisha yao yote ya ndoa walishona kwenye meza moja, cherehani mbili zikitazamana. Mume, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, ndiye aliyeanza kukanyaga, na mke akaudaka mwendo wake. Akichoka, Fundi aligonga pedali mara mbili kwa kisigino, mke akajibu mbili zake, wakaacha kazi wakanywa chai. Wateja waliwatania kwamba hata kugombana wanagombana kwa miguu.

Halafu moyo wa mke ukaanza kuzembea, akawa anazimia juu ya vitambaa vya watu. Hospitali wakampandikizia betri ya moyo chini ya mtulinga wa kushoto. Huku nyumbani Fundi alikuwa anamshonea gauni la kufungua mbele, la bega pana, lisije likakwaruza kidonda. Alibakiza kushona mkono mmoja tu. Walimkuta amelaza kichwa mezani, ameshapoa. Muda wote huo walikuwa wanahangaika na moyo wa mke, na wa mume hakuna aliyeuuliza hali. Hilo ndilo lililomvunja mjane.

Kwa hiyo pedali iliposhuka na kupanda yenyewe, hakupiga kelele. Harufu ya mafuta ya cherehani ikamjaa puani, na ndani yake jasho la mumewe. Meza ikatikisika. Akaegemeza kifua pale ukingoni, na moyo wake ukaondoka mbio pamoja na pedali, kama zamani.

"Umekuja," alinong'ona.

Tangu hapo ikawa kila mchana. Miguu ilimvimba, na kutoka chumbani hadi jikoni akawa anasimama njiani kutafuta pumzi. Binti yake wa pekee alikuwa amehamia kwake kumwangalia. Huyu hakupata hata nafasi ya kulia msibani, maana alikuwa anapanga viti na kupokea watu. Siku moja alimfuma mama yake ameikumbatia meza, pedali ya upande wa pili ikienda peke yake. Akamkokota hadi kliniki.

Kijana anayeseti betri alimning'inizia kidude begani, akafungua kompyuta.

"Fundi mwenzangu," mama alimtania, "leo usinikaze sana."

Kijana hakucheka. "Mama, mchana huwa unafanya nini?"

"Nakaa tu, mwanangu."

"Ukikaa moyo haufiki huku. Kila mchana unakimbia kama mtu anayepanda ngazi za ghorofani." Akamwelezea kwamba ndani ya betri mna kitu kinachohisi mtikisiko wa mwili. Mtu akitembea, chenyewe kinaongeza mapigo. "Sasa ukiegemea kitu kinachotikisika, kinadanganyika. Kuna cherehani hapo nyumbani?"

"Ipo."

"Nani anakanyaga?"

Mama alimtazama binti, binti akatazama sakafu.

"Sawa," kijana alisema. "Ila moyo ukishachoka, mimi sitakuwa na cha kuseti. Nikizima hiyo sehemu ya mtikisiko, mapigo yatatulia. Ngazi tu ndiyo utapanda polepole."

"Na nikiegemea meza?"

"Hutasikia kitu, mama."

Mama alilishika gauni lake kifuani kwa ngumi. Binti akamwinamia sikioni.

"Yule si baba. Baba alikuwa hakuachi hata upande kiti kubadilisha balbu. Lile ni jini, mama, limevaa mguu wake."

"Na kama ni yeye?"

"Basi hajui kwamba anakuua. Nimeshazika mmoja. Mama yangu, nakuomba."

Ngumi ikafunguka, kijana akabonyeza. Uganga wenyewe ulikuwa huo, bila ubani wala ngoma, kitufe kimoja tu.

Mchana uleule mama alitaka kukaa mezani amuage. Binti alikubali kwa sharti moja, kwamba asimjibu. Kwa kuwa alimjua mama yake, aliingia chini ya meza, akapiga magoti, akamshika vifundo vyote viwili vya miguu.

Harufu ilitangulia. Kisha pedali ya baba ikashuka, karibu kabisa na uso wa binti, polepole, ikapanda, ikashuka tena, ikaongeza mwendo, ikasita kana kwamba inasikiliza, ikaongeza tena, mpaka meza ikawa inaruka na mikasi inaanguka na pini zinamwagika sakafuni, na juu huko mama anasema kwa sauti ndogo, "Moyo hauji, bwanangu, nauita hauji, wameniziba kifua," na vumbi lililokuwa juu ya pedali likabonyea pale mguu wa kushoto wa baba ulipozoea kukaa, kidole gumba, kisha kisigino.

Ikasimama. Kisigino kikagonga mara mbili.

"Usimjibu," binti alinong'ona.

Miguu ya mama ilitetemeka mikononi mwake lakini haikwenda popote. Mama alikuwa analia tu. Kisigino kikagonga tena mara mbili, taratibu, kama baba alivyogonga alipokuwa amechoka sana.

Binti akausikia moyo wake mwenyewe, usio na betri wala kitufe, unaondoka mbio. Aliwaza mkono mmoja wa gauni uliobaki. Hakujua ni lini aliachia kifundo kimoja. Alichosikia ni ngumi yake ikiipiga pedali ya mama, mara mbili.

"Nipo mimi, baba," alisema.

Pedali ikaanza tena, ikaudaka mwendo wa moyo wa binti.