Kipimo cha Kuku Kilichonipokonya Mwanangu

Nina umri wa miaka ishirini na mbili. Niliishia darasa la saba, na tangu utoto wangu mimi ni mtu wa haya. Mgeni akibisha hodi, najificha jikoni. Hata maneno haya ninayaandika polepole, mstari leo, mstari kesho, maana mkono wangu si mwepesi na machozi nayo hayana subira... Lakini nitamaliza, wasomaji wenzangu. Safari hii sitanyamaza.

Kwetu ni Dareda. Niliolewa Nakwa, Babati mjini, na kijana aitwaye Boay. Mahari ililipwa. Ndoa ya kanisani tuliiahirisha, kwa kuwa miaka ile hata kitambaa cha gauni hakikuonekana madukani. Mungu akatupa mtoto wa kiume, Emanueli. Tuliishi pamoja na mama mkwe wangu, mjane mwenye sauti kubwa na mikono isiyochoka.

Mnaikumbuka miaka ile! Sabuni hakuna, sukari hakuna, mafuta ya taa ni ya foleni. Mama mkwe aliishi kwa kuku wake. Kuku ndiye aliyekuwa sabuni, ndiye chumvi, ndiye khanga. Kuku wakiwa wazima, nyumba nzima ilikuwa na amani.

Kiangazi kimoja mama alirudi kutoka mnadani na tetea mwekundu kwapani, anacheka peke yake.

"Mama Emanueli, njoo uone! Leo watu wanawatupa kuku bure!"

Niliona macho ya yule tetea yamevimba na pua zinatoka ute. Niliona! Lakini mimi ni nani nimwambie mama mkwe kwamba amenunua kuku mbaya? Tukamchanganya na wenzake.

Hazikupita siku nyingi, banda zima likaanza kupiga chafya. Kuku kupiga chafya kama watu wenye mafua! Wakawa wanahema midomo wazi, wakikoroma. Wengine shingo zikapinda, wakazunguka mahali pamoja kama walevi. Kinyesi kikawa cha kijani.

Mama yangu mzazi alinifundisha kuwapa kuku wenye mafua maji ya mshubiri. Nikaponda majani, nikachanganya, nikawawekea. Moyo wangu ulikuwa safi... nilitaka kumwokolea mama mali yake.

Asubuhi kuku wengi walikuwa wamelala chini, wamekufa.

Mama mkwe akainua kile chombo cha maji. Akakinusa. Maji yalikuwa ya kijani, machungu.

"Umewatilia nini kuku wangu?"

"Mshubiri, mama..." Sauti yangu haikufika hata mlangoni.

"Sumu!" akapiga yowe. "Jamani njooni! Ameniulia kuku!"

Majirani wakajaa uani. Kuku waliokuwa wakikata roho wakachinjwa upesi upesi, kama ilivyo kawaida yetu. Nani angetupa nyama wakati ule? Tulipika sufuria kubwa. Alikula mama mkwe, akala Boay, akala balozi wa nyumba kumi, akala jirani yetu Mama Lusia na watoto wake wote. Mimi ndiye niliyepakua, na mimi pia nilikula. Likumbukeni sufuria hilo, wasomaji wenzangu...

Bwana mifugo alifika na baiskeli. Akawatazama wachache waliobaki hai, akatikisa kichwa.

"Nashuku ugonjwa wa mdondo," alisema, "lakini kwa macho siwezi kuapa. Magonjwa ya kifua ya kuku yanafanana. Wapelekeni hawa wangali hai kwenye maabara kule Arusha, wawatoe ute kooni na kuupima. Ningewapeleka mwenyewe, ila gari la ofisi halina dizeli."

Balozi akakata shauri mbele ya wote. Kipimo kikisema ni ugonjwa, binti wa watu abaki kwenye nyumba yake. Kikisema ni sumu, arudi kwao.

"Na mtoto habebwi," akaongeza mama mkwe. "Mtoto ni wa ukoo wetu."

Nilitaka kusema neno moja tu. Lilikuwa kooni kabisa! Kama ni sumu, mbona tumewala sote na hakuna aliyeumwa hata tumbo? Lakini wazee walikuwa wamekaa, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kijiko cha kupakulia mkononi. Nikatazama chini.

"Mmeona?" mama akawaambia. "Kimya chake kimejibu."

Boay ndiye aliyepeleka kuku, ndani ya tenga, kwa basi la Arusha. Kabla ya kuondoka aliniita pembeni. "Usiogope, Mama Ema. Kipimo hakina upendeleo." Maneno yale niliyashika kama rozari.

Keshokutwa yake akarudi, tenga tupu mkononi. Mama alimwahi kabla hajaingia uani.

"Ni sumu, sivyo mwanangu?"

Boay alinitazama mimi. Akamtazama mama yake. Halafu akatazama viatu vyake.

"Ndiyo, mama. Wamesema sumu."

Ee Mungu wangu! Nilijua nilichokiweka ndani ya maji yale. Lakini maabara ya Arusha imesema, nitabishana nayo mimi wa darasa la saba? Nilianza hata kujishuku mwenyewe... Labda niliponda jani lisilo la mshubiri? Labda mkono wangu una laana?

Nilifunga nguo zangu kwenye khanga. Emanueli alidhani tunatoka wote, akavaa kandambili zake mguu wa kulia kushoto, wa kushoto kulia. Bibi yake akamshika mkono. Kilio chake nilikisikia hadi nilipofika barabarani, na wallahi bado nakisikia ninapoandika hapa.

Nyumbani Dareda baba hakunifukuza, lakini pia hakuniuliza kitu. Mabaya hayakuishia hapo. Kuku wakaanza kufa vijiji vya jirani, Bagara, kisha Mutuka, boma hadi boma. Mnadhani watu walisema ugonjwa umesambaa? Thubutu! Walisema yule mke wa Boay si mtia sumu tu, ni mchawi, ameondoka akaacha uchawi wake nyuma. Maneno yakanifuata hadi Dareda. Kanisani nikiketi, benchi linabaki langu peke yangu.

Kisha nikasikia kwamba Boay ameletewa mke mwingine.

Ni shangazi yangu, anayekaa Bagara, aliyekuja kunieleza yaliyotokea baadaye. Ofisi ilipata dizeli hatimaye, na bwana mifugo akapeleka mwenyewe kuku wagonjwa Arusha. Akaitisha mkutano pale Nakwa kutoa majibu: ni mdondo. Si sumu, si uchawi. Virusi.

Watu wakataka kujua virusi visivyoonekana vimeonekanaje. Akawaeleza kwamba ute wa kuku mgonjwa huingizwa ndani ya yai lenye kifaranga kinachokua. Ute ukiwa na virusi, kifaranga hudhoofika na kufa, ndipo wataalamu hupima majimaji ya yai lile na kujua ni ugonjwa gani.

"Ndiyo maana nimekawia," alisema. "Kipimo hiki hakipungui juma zima. Yai halijui kwamba sisi tuna haraka."

Shangazi yangu si mtu wa haya kama mimi. Akasimama.

"Bwana mifugo, shikamoo. Mbona mkwe wetu Boay alikwenda na kurudi na jibu keshokutwa yake? Mayai yake yeye yalikuwa ya namna gani?"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika ghafla. Kila mtu alimgeukia Boay. Akaanza kulia hadharani, mwanamume mzima! Akakiri kwamba basi lilikuwa limeharibika Makuyuni, kabla ya kufika Arusha. Wakalala pale. Kuku mmoja akafa ndani ya tenga, na wengine walikuwa njiani kufa. Akawachinja, akamwuzia mama mmoja muuza chakula, akapanda lori kurudi nyumbani. Alikusudia kusema ukweli, lakini mama yake alimpokea na swali lenye jibu ndani yake... naye akaitikia.

Mama Lusia akapiga makofi kwa uchungu. "Sumu gani hiyo jamani, tuliyoila na ugali na mchuzi tukaongezewa! Na yule tetea mwekundu wa mnadani, mwenye macho kama jipu, nani alimleta?"

Mama mkwe, mwenye sauti kubwa kuliko Nakwa nzima, akajitanda khanga yake na kuondoka mkutanoni.

Sentensi ile ya Mama Lusia ndiyo iliyokuwa kooni kwangu siku ile!

Nilikwenda Nakwa na baba yangu. Balozi aliniomba radhi. Boay alipiga magoti. Lakini jikoni kwangu alikuwa amesimama mwanamke mwingine, mjamzito, asiye na kosa lolote. Ningemfukuza kama nilivyofukuzwa mimi? Na mama mkwe alishikilia lake: mahari ililipwa, mtoto habebwi. Wazee wakamwunga mkono.

Emanueli alikuwa amerefuka. Nilipochuchumaa na kumwita, alikimbilia nyuma ya sketi ya yule mwanamke. Akachungulia. Akaniuliza kwa adabu, kama walivyomfundisha:

"Shikamoo shangazi. Umetuletea nini?"

Nilikuwa nimemletea miwa. Nikampa. Nikaitikia marahaba.

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Kuku mgeni msimchanganye na wenzake kabla hamjamtazama siku kadhaa. Akikohoa, msimkimbize mnadani ili hasara iwe ya mwenzenu. Mwiteni bwana mifugo, na kuku wangali hai. Na kabla ya kumvunjia mtu nyumba, hakikisheni kwamba kipimo mnachomhukumu nacho kilifanyika kweli. Nanyi wenye haya kama mimi, semeni! Semeni hata kwa sauti ya kutetemeka. Neno mnalolimeza halifi tumboni, linaota mizizi.

Na wewe Emanueli, ipo siku utajua kusoma. Kama ukurasa huu utakufikia, hata kama umetumiwa kufungia vitumbua... mimi si shangazi yako.