Mikono Mikavu ya Mzee Habarurema

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Lucie alifagia jiko, akapasha uji wa mtama, kisha akaingia chumbani kumvalisha mama yake blauzi. Kazi hiyo ya mwisho hakuizoea hata kidogo. Mama ndiye humvalisha mtoto, si mtoto kumvalisha mama. Lakini mkono wa kulia wa Mama Marie-Louise haukupanda tena kupita kifua, na shingo yake ilikuwa ngumu kama gogo. Ukimwita kutoka nyuma, ilimbidi ageuke mwili mzima, miguu na yote.

Mwaka huo ulikuwa 1956, nao walikaa Goma, mtaa wa Mapendo. Wazazi wake Lucie walitoka Butembo, na huko kwao wanawake hubeba mzigo mgongoni, mkanda wa kikapu ukipita kwenye paji la uso. Kwa miaka tisa Mama Marie-Louise alibeba viazi kwa namna hiyo kutoka shamba lao la Munigi, akikanyaga mawe meusi ya volkano njia nzima. Mwuguzi wa zahanati alimpima vizuri, akasema hakuna mfupa uliovunjika. Nyama za shingo na bega ndizo zilizokazana kwa uchovu. Alimpa vidonge, akamwagiza apumzike. Vidonge vilipunguza maumivu kwa saa chache. Kupumzika nako kulikuwa neno zuri, ila viazi vilikuwa bado ardhini.

Jumapili moja baada ya misa, baba yake, Papa Kamate, alimwita. Alikuwa mfanyabiashara wa chumvi na maharage, na safari zake zilikuwa ndefu.

"Lucie, mutoto wangu, ikala hapa kwa kiti. Leo ninapanda kamyo kwenda Butembo. Nitarudi Jumamosi. Kama siku ile mama yako hajaweza kubeba kikapu, utaacha masomo, uende shambani."

"Papa, mu darasa yetu tumebaki watoto wanawake tisa tu!"

"Najua. Hata mimi inaniuma. Lakini mama hawezi, na mimi niko njiani kila siku. Tutakula nini?"

Papa Kamate hakuwa mtu mkali. Alisema maneno hayo akitazama chini, na hilo lilimuumiza Lucie kuliko kama angefoka.

Kamyo lilipoondoka, Lucie hakukaa kulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Habarurema, nyumba ya nne kutoka kwao. Mzee huyo alichunga ng'ombe huko Masisi kwa miaka arobaini kabla ya kuja kuishi na mwanawe Goma. Watu walimtania kwa jina la "daktari wa ng'ombe", kwa sababu mikono yake ilijifunza kazi kwenye viwele vya ng'ombe waliozaa mara ya kwanza, viwele vilivyovimba na kukataa kutoa maziwa. Lakini mgongo ukikaza, hao hao waliomtania walikuwa wa kwanza kubisha hodi kwake. Waashi walikuja, maseremala walikuja, hata katekista alikuja, akiwa amejikunja kiuno.

Jioni hiyo hiyo Mzee alifika nyumbani kwao, akamketisha Mama Marie-Louise kwenye kigoda. Lucie, kwa bidii zake, alileta kibuyu cha mafuta ya ng'ombe.

"Rudisha ile mafuta, mutoto," Mzee alisema. "Mafuta inafanya mukono uteleze. Mimi sitaki kuteleza, nataka kushika."

Aliosha mikono kwa maji ya moto, akaifuta mpaka ikakauka kabisa. Aliweka kiganja kimoja chini ya shingo na kingine juu ya bega, akavivuta kidogo tu kuelekea pande mbili. Kisha akatulia. Hakukanda, hakusugua, hakupiga. Alitulia kwa muda mrefu hivi kwamba Lucie alishindwa kuvumilia.

"Muzee, umelala?"

Mama Marie-Louise alicheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi.

"Silali, ninasikiliza," Mzee alijibu. "Umekwisha kuona mbuzi akichunwa? Kati ya ngozi na nyama kuko utando mweupe, mwembamba. Na sisi watu tuko nao, unafunika nyama yote kama nguo. Kazi ikizidi, nguo ile inakazana, inavuta kila kitu. Ukiisukuma kwa nguvu, inajifunga zaidi. Ukiingoja, inaachia yenyewe. Leta mukono wako hapa."

Lucie aliweka kiganja chake mahali Mzee alipomwonyesha. Mwanzoni hakusikia kitu. Halafu, chini ya vidole vyake, alihisi nyama ya bega ikilegea na kusogea polepole, bila mtu kuisukuma. Mama yake alivuta pumzi ndefu, na bega lililokuwa limepanda karibu na sikio likashuka upana wa vidole viwili. Lucie alibaki kinywa wazi. Alikuwa amewaona watu wenye nguvu wakibeba magunia na kupasua mawe, lakini hakuwahi kuona nguvu ya namna hii, iliyofanya kazi kwa kutulia.

"Nitakuja Jumatatu na Alhamisi," Mzee alisema. "Siku zingine utafanya weye. Kila mahali utasema Salamu Maria kumi, polepole, kama mbele ya Padiri. Akisema inauma, legeza."

"Itachukua siku ngapi, Muzee?"

"Majuma tatu. Pengine ine."

Lucie alihesabu siku kwa vidole. Yeye alikuwa na siku sita tu, lakini hakumwambia Mzee.

Jumanne na Jumatano alifanya kama alivyofundishwa, na mambo yakaenda vizuri. Alhamisi jioni mama yake aliweza kupeleka kijiko kinywani kwa mkono wa kulia. Mzee alifurahi. Lucie hakufurahi. Kijiko si kikapu, na baba yake alikuwa anarudi kesho kutwa.

Ijumaa hofu ilimshinda. Alichukua kile kibuyu, akapaka mafuta shingo na bega zima, kisha akashindilia vidole gumba kwa uzito wake wote. Salamu Maria alizisema mbio kama kamyo lililokatika breki. Malaika Gabrieli mwenyewe asingeitambua salamu yake.

"Polepole, mama yangu," Mama Marie-Louise alisema akiuma midomo. "Inauma."

"Ni kupona huko, mama. Vumilia," Lucie alidanganya, akazidi kushindilia.

Jumamosi asubuhi shingo haikugeuka kabisa. Mkono ulining'inia, na kijiko kikaanguka. Mama Marie-Louise alilia kimyakimya, akidhani ugonjwa wake umefika mahali pa kutopona. Hakumlaumu mtu.

Papa Kamate aliingia mchana, nguo zimejaa vumbi la safari. Alipomwona mkewe alitupa mfuko chini, akatuma Mzee aitwe upesi. Mzee alikuja na fimbo yake, akasalimia, akaweka kiganja juu ya bega la mgonjwa. Kiganja kiliteleza. Alivitazama vidole vyake, akavifuta kwenye koti, asiseme kitu.

"Muzee, umri wako ninauheshimu," Papa Kamate alisema. "Lakini niliacha bibi yangu na maumivu, leo nakuta hawezi hata kula! Uliona yeye ni ng'ombe? Usirudi tena hapa. Mutaa wote utajua kazi yako." Kisha akamgeukia Lucie. "Na weye usiogope. Hili si kosa lenu. Nitatafuta muganga mwingine kule Sake, tutangoja. Endelea na masomo yako."

Endelea na masomo yako! Maneno aliyoyaombea juma zima yalikuwa yametoka. Lucie alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Alimtazama Mzee, ambaye alikuwa akiitafuta fimbo yake ili aondoke. Aliiona ile mikono iliyowaponya nusu ya mtaa, sasa inafukuzwa kama mikono ya mwizi, na aibu ikamshika.

"Papa," alisema. Alisimama mlangoni, Mzee asipite. "Papa, si Muzee. Ni mimi. Alinikataza mafuta, nikapaka. Alisema polepole, nikashindilia kwa nguvu. Mama akasema inauma, nikamudanganya. Niliogopa kuacha masomo."

Machozi yalimtiririka Lucie, lakini hakuinamisha kichwa.

"Muzee," Papa Kamate alisema mwishowe, "ulijua?"

"Nilijua nilipogusa. Ngozi ilikuwa inanuka mafuta."

"Basi sababu gani ulinyamaza nikikutukana?"

"Ningesema mimi, angekana. Nilimungoja."

Papa Kamate aliona haya. Alivua kofia, akamwomba Mzee radhi mbele ya mkewe na binti yake, jambo ambalo baba wengi wa siku hizo wasingelifanya. Kisha akauliza ni siku ngapi.

"Majuma tatu, kuhesabu kuanzia leo."

"Basi kamyo litaondoka bila mimi," alisema. "Viazi nitavibeba kwa baiskeli. Lucie atasoma, na Jumamosi atanisaidia kuvuna."

Majirani walimcheka sana Papa Kamate alipokuwa akisukuma baiskeli iliyolemewa na magunia, akijikwaa kwenye mawe. Naye alicheka, akiapa kwamba hakujua mkewe alikuwa na nguvu kiasi kile. Nyumbani, mchana ukiisha, Lucie aliosha mikono, akaikausha, akasema Salamu Maria kumi bila kuruka neno. Siku zingine hakuhisi badiliko lolote. Hakuongeza nguvu.

Majuma matatu yalipopita, siku ya Jumapili, Mzee Habarurema alikuwa ameketi nao uani. Mama Marie-Louise alikuwa akianika nguo kwenye kamba, mikono yote miwili juu. Lucie akamwita kutoka nyuma yake. Mama akageuza shingo. Shingo peke yake, miguu haikusogea. Papa Kamate alipiga makofi mpaka kuku wakakimbia.

"Sasa sikilizeni," Mzee alisema. "Mama, kikapu ukijaze nusu, na njiani upumzike mara mbili. Mwili ukichoshwa tena, utakaza tena. Na weye Lucie, usifikiri ni mikono tu ilimuponyesha mama yako. Kama ungenyamaza siku ile, mimi ningefukuzwa, yeye angebaki na bega lake, na mutaa mzima ungekosa mutu wa kumusaidia. Kuponya kunataka uvumilivu, lakini kosa likifanyika, ukweli usicheleweshwe hata siku moja."

"Nimesikia, Muzee."

"Vizuri. Basi nenda kaoshe mikono. Mugongo wangu unaniuma tangu jana, na katika Mapendo yote sioni mutu mwingine wa kumupa."

Lucie alikimbia kwenye maji. Aliifuta mikono mara mbili, akaja, akaweka viganja kwenye mgongo wa mzee, akaanza kusubiri.