Seremala Aacha Kuwatia Watu Adabu Barabarani

Siku ya kliniki, mke wa seremala alikataa kupanda gari la mumewe. Mimba ilikuwa ya miezi minane.

"Sipandi. Naenda kwa miguu."

"Kwa miguu, na gari lipo?"

"Gari sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na dereva."

Seremala alijichekesha. Alijua anasemwa nini. Wiki iliyopita dereva mmoja alimchomekea, akaingia ghafla mbele yake. Seremala akamfukuza, akampita, kisha akafunga breki mbele yake ili amtie adabu. Mkewe alirushwa mbele, mkanda ukambana tumbo. Alikaa kutwa nzima ameshika tumbo, akisubiri mtoto acheze. Mtoto alicheza jioni. Mke hakusahau.

"Lakini kosa lilikuwa la yule mjinga!" alisema seremala.

"Mjinga hakunioa mimi. Umenioa wewe."

Jirani yao alikuwa anaanika nguo. Ni mama anayeendesha gari la wagonjwa. Alisikia yote.

"Shemeji, kliniki ni saa nne," alisema. "Muda upo. Nipeleke sokoni kwanza, nikuone unavyoendesha."

Hawakufika mbali. Basi dogo likawaganda nyuma, honi juu ya honi. Seremala akakunja uso. "Namkomesha huyu!"

"Umkomeshe wewe kama nani? Mama yake?"

"Amezidi!"

"Amezidi, ndiyo. Ukifunga breki atakuingia mgongoni. Washa taa ya pembeni, sogea, apite zake."

Seremala akasogea kwa shingo upande. Basi likapita. Hakuna kilichotokea. Akaongeza mwendo, akalisogelea gari la mbele.

"Na wewe sasa unamganda mwenzako," jirani akamwambia. "Unaona ile nguzo? Gari la mbele likiipita, anza kuhesabu polepole. Mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu. Ukifika kwenye nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Mvua ikinyesha, hesabu mara mbili."

"Nikiacha nafasi, watanichomekea."

"Wakuchomekee! Punguza mwendo, hesabu upya. Wakiingia hata kumi, hujachelewa dakika moja. Mimi nabeba mtu anakata roho, na nafasi naacha. Wewe unakimbiza nini, meza?"

Seremala akacheka kweli. Kisha akauliza, "Hao wajinga wa barabarani, huwa unawabeba?"

"Nawabeba. Na wale waliotaka kuwatia adabu nawabeba pia. Kitanda ni kile kile."

Seremala akaendelea kuhesabu nguzo mpaka sokoni.

Saa tatu na nusu alirudi kwa mkewe. Hakuanza na maneno mengi.

"Nilikosea. Siyo yule. Mimi."

Mke alimtazama. "Leo tu," alisema. "Ukianza vita, nashuka."

Seremala akamfungia mkanda alivyoelekezwa na jirani: wa chini upite chini ya tumbo, wa juu upite katikati ya matiti. Wakaondoka.

Njiani kijana mmoja alikuwa anaendesha huku anaandika kwenye simu, gari likiyumba kulia na kushoto. Ulimi ulimwasha seremala. Akauuma, akapunguza mwendo, akamwacha aende mbele. Mwingine akamchomekea bila kuwasha taa. Seremala akaacha nafasi, akahesabu upya. Ghafla aliyechomekea akasimama katikati ya barabara, apakie abiria. Seremala akakanyaga breki taratibu. Gari likatulia, na nafasi ya kutosha ikabaki mbele.

Akageuka amwambie mkewe, "Umeona?"

Mkewe hakuona kitu. Amelala, mdomo wazi, mikono juu ya tumbo.

Kwenye geti la kliniki akamgusa bega. Mke akashtuka.

"Tumefika?"

"Tumefika."

Akapangusa mdomo, akafungua mkanda, akashuka polepole. Kisha akainama dirishani.

"Siku ya kujifungua ikifika, usiite teksi. Nipeleke wewe."