Keki Iliyonukia Mezani kwa Fundi Randa

Ndugu zangu, kuna raha kama kukaa mezani mchana kweupe, hakuna anayekukimbiza, chakula kinakuja kidogo kidogo, na mliokaa nao ni damu yako? Basi Jumamosi ile Fundi Randa, seremala, alikuwa katikati ya raha hiyo. Mgahawa wa Kitaliano, meza ya dirishani, kitambaa cheupe, mkate wa moto na kibakuli cha mafuta ya zeituni. Shati lake limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe!

Aliyewaalika ni bintiye, ambaye ndiyo kwanza kaajiriwa duka la miwani. "Leo hakuna kukimbia, Baba," alisema. "Tunakula taratibu mpaka watufukuze."

Walikuwa wanne: Fundi, mkewe, binti, na kaka wa mkewe, ambaye binti anamwita Mjomba.

Lasagna, ile tambi pana ya matabaka, ilipofika, Fundi akainama mpaka usawa wa sahani, kafumba jicho moja kama anapima ubao.

"Hii si plaiwudi hii? Tabaka, gundi, tabaka, gundi!"

"Kula basi," mkewe akasema, "usije ukaipiga randa."

Mkewe alicheka mpaka akajifuta machozi. Mjomba naye anapigana na tambi, zinamchapa kidevuni.

Sasa msione meno nje mkadhani ilikuwa hivyo siku zote. Fundi huyu alikuwa mlevi. Na sisemi mlevi wa sherehe, nasema mlevi wa kulala mtaroni na kiatu kimoja! Makabati ya watu yalikaa karakana bila milango mpaka wenyewe wakaja kuyachukua hivyo hivyo. Mchana wake wote ulikuwa wa chupa. Aliacha siku mkewe alipofunga mizigo, akasimama mlangoni, akasema bila kupaza sauti: "Ukionja tena, hata tone, mimi na mwanangu usitutafute."

Tangu hapo hajaonja. Kila jioni anakwenda kwenye kikundi cha wenzake walioacha, wanakalia viti alivyovitengeneza mwenyewe.

Lakini kuna jambo hakumwambia mtu. Alikuwa anaogopa kukaa bure. Akiwa na randa mkononi yuko salama. Mikono ikikosa kazi, koo linaanza kudai. Na chakula cha Kitaliano, jamani, ndiyo hivyo tena, unakaa! Ukimaliza sahani moja unasubiri nyingine. Kwa hiyo mkono wake mmoja ulikuwa chini ya meza, umeipata skrubu ya mguu iliyolegea, unaikaza, unailegeza, unaikaza.

Mjomba akamwita mhudumu. "Dada, tuletee mvinyo mwekundu. Shemeji, glasi moja tu ya kushushia. Glasi moja haijaua mtu."

"Kaka!" Mkewe akamkata jicho. "Hapa tunakunywa maji."

"Haya, maji. Tumeshakuwa samaki."

Fundi akacheka na wenzake. Moyoni alijiona ameruka shimo. Kumbe shimo lenyewe lilikuwa bado liko jikoni.

Binti aliona picha ya kitu kitamu kwenye menyu, akaigusa kwa kidole: "Hiki, vinne." Hakuuliza kina nini. Nani anaulizia keki? Zikaja: keki laini za kahawa, krimu juu, kakao imenyunyizwa kama vumbi la msasa. Fundi akachota kijiko, akakipeleka mdomoni, mkono ukagoma njiani.

Harufu!

Pua ya mlevi haistaafu. Pombe ilikuwemo, imejibanza chini ya kahawa. Akaangaza macho. Mkewe anapiga soga na kaka yake. Binti anamtazama yeye, macho yanang'aa, anasubiri asikie neno "tamu". Hakuna aliyejua. Na hapo ndipo shetani alipovuta kiti, akaanza kumnong'oneza. Ni keki tu, bwana. Hukuagiza wewe. Mtoto kakununulia, utamvunja moyo? Wakikuuliza, hukujua. Fundi katunga visingizio vingi maishani, ila hiki kililetwa mezani kimepambwa na kijiko juu!

Mate yakamjaa. Akakisogeza kijiko karibu zaidi, kakao ikamwagikia kitambaa cheupe.

Akakiweka kijiko chini.

"Mwanangu, siwezi kula hii. Ina pombe."

Uso ukamshuka binti. "Baba! Haki ya nani sikujua."

"Najua hukujua. Mimi nimejua. Na nilitaka niile hivyo hivyo. Nilitaka sana."

Mjomba akajaribu kuchekesha: "Ah, shemeji, kijiko cha keki hicho!"

Binti akamgeukia, kwa heshima lakini bila kupepesa macho. "Mjomba, siku ile ulipoleta chupa ya kupongezana tu, mimi nilikuwa bado navaa sare ya shule. Wewe ulikwenda zako. Aliyemvuta Baba kutoka mtaroni ni mimi. Alikuwa mzito, Mjomba."

Mjomba akasukuma sahani yake mbali.

Mkewe akapeleka mkono chini ya meza, akaukuta wa mumewe umeng'ang'ania skrubu. "Unafanya nini huku?"

"Nikikaa bure naogopa," Fundi akasema. "Siku zote naogopa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani utaondoka."

"Ungekula kimya kimya ndiyo ningeondoka. Umesema. Sasa naenda wapi?" Akaushika ule mkono, hakuuachia.

Keki zikarudi jikoni, yakaja matunda na kahawa. Wakakaa mpaka jua likahamia meza ya jirani. Mjomba alikoroga kahawa yake isiyo na sukari muda mrefu, halafu akauliza bila kumtazama mtu:

"Shemeji, kile kikundi chenu cha jioni... kuna kiti cha ziada?"

"Kama hakipo," Fundi Randa akasema, "nitakitengeneza."

FUNZO LA MEZA HII

Ndugu zangu, mficha maradhi kilio humuumbua. Aliyeacha pombe haangushwi na chupa peke yake, huangushwa na siri, na kila siri ina kisingizio kizuri pembeni. Ukiwa unatamani, sema, tena mapema, kijiko kikiwa bado hakijafika mdomoni. Nasi tunaowaalika, tuulize chakula kina nini, tena tumuulize na mtu mwenyewe anaendeleaje. Na wewe bingwa wa "glasi moja tu", kabla hujamimina, fikiria nani atakwenda kumvuta mtu huyo mtaroni.