Wembe wa Namba Tano

Jua lilikuwa linazama Ndevu alipofika mtaa wa vyuma vikuukuu. Mfukoni alikuwa na kijiti cha mbao alichopewa na mjomba wake, kimechongwa mianya minne: nne, tano, sita, saba. Ndivyo vinyozi wa wembe wa kukunja wanavyopima upana wa bapa, kwa sehemu za nane za inchi.

"Wewe unaanza, chukua tano," mjomba alimwambia mchana ule, mkono ukiwa shingoni mwa mteja. "Nne ni nyepesi, itakimbia kuliko mkono wako. Saba itakuziba macho, hutaona unapopita chini ya pua. Na ununue mpya. Umesikia? Mpya."

"Nimesikia, mjomba."

"Halafu siku moja tuzishushe na hizo ndevu zako. Kinyozi mwenye ndevu za beberu anafukuza wateja."

Watu kwenye benchi walicheka. Ndevu naye akacheka, ila moyoni hakuwa na kicheko. Kiwanda kilimwachisha kazi akiwa na miaka arobaini na sita, na sasa anajifunza ufundi ukubwani. Pale kwa mjomba, anayeanza humnyoa kwanza mtu wa damu yake, ili mkono uzoee huruma. Ndevu alikuwa na baba yake. Mzee alikuwa amepooza upande mmoja, na ulimi wake hautoi neno. Mtu aliyejinyoa kila asubuhi maisha yake yote, sasa mvi zimemvaa usoni, akisogezewa kioo anageuza kichwa. Ndevu alitaka kumrudishia uso wake. Hakuwa na haja nyingine.

Maduka matatu ya kwanza yalikuwa na nne na sita tu. La mwisho halikuwa na taa. Ndani alikaa mama mmoja, mikono magotini.

Harufu ya sabuni iliyolowa... na chini yake harufu ya kidonda.

"Tano," mama alisema, kabla hajaulizwa.

Akafungua kitambaa, akatoa wembe wenye mpini mweusi. Ndevu akaupima. Bapa likaingia kwenye mwanya wa tano bila kugusa pembeni.

"Lakini umetumika, mama. Bapa limeliwa na jiwe la kunolea."

"Halijaliwa," mama alinong'ona. "Limekonda."

Ndevu alisita. Kesho ndiyo siku aliyomwahidi mzee, na tano nyingine hakuiona. Akalipa.

"Mzee ana kovu chini ya kidevu, kushoto," mama alisema. "Ukifika hapo, pita polepole."

Alikuwa ameshafika barabarani alipokumbuka kwamba hakumtaja mzee yeyote.

Akageuka. Mlango ulikuwa umefungwa. Kufuli limeota kutu.

Hapo ndipo angeutupa. Badala yake alijipa moyo: mji wenyewe mdogo, watu wanajuana. Akaharakisha nyumbani.

Asubuhi, binti yake alichemsha maji na kushika beseni. Alikuwa msichana mkubwa, miaka ishirini na miwili, na ndiye aliyemlisha babu yake kwa kijiko. Ndevu alipoukunjua wembe, jicho zima la mzee likatoka pima.

"Ba... ba..."

"Tulia, baba. Mwanao siyo mchinjaji."

"Ba... ba..." Chozi likamdondoka.

"Babu anafurahi," binti alisema, akalifuta.

Ndevu aliamini. Alitaka sana kuamini. Krr... krr... wembe ulipita shavuni, ukashuka shingoni. Kwenye kovu alipita polepole. Hakukuwa na tone la damu. Alipomaliza, uso wa baba yake ulirudi, safi, uleule wa zamani.

Akaufuta wembe. Ulikuwa mzito mkononi. Akachukua kijiti, akajaribu mwanya wa tano.

Ukagoma.

Sita. Ukagoma.

Saba... ukaingia.

"Baba?"

Mzee alikuwa ameshakata roho. Mashavu yamebonyea, mifupa inaonekana.

Baada ya mazishi, Ndevu alikwenda kwa mjomba na kuuweka wembe mezani. Mjomba alipouona mpini, alirudi nyuma hadi ukutani.

"Huu niliutupa mwenyewe kwenye shimo la choo."

"Lini?"

"Zamani. Baba yako aliniletea, asubuhi ile alipomnyoa babu yako. Alikuwa anaanza kazi, kama wewe. Aliiacha siku hiyohiyo."

"Aliupata wapi?"

"Alisema kwa mama mmoja."

"Mjomba! Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia ununue mpya," mjomba alisema, na machozi yakimtoka.

Waliuvunja kwa nyundo, wakafukia vipande. Ndevu hakushika wembe tena. Mjomba naye alifariki msimu wa mvua, akamwachia binti wa Ndevu ufunguo wa duka, maana alikuwa ameshaanza kumfundisha kunyoa kwa mashine. Habari ya mama yule, yeye na Ndevu hawakuwa wamemwambia. Waliogopa kumtia hofu bure, wakasema watamwambia baadaye.

Kisha asubuhi moja Ndevu aliamka, mkono wa kushoto haukumfuata. Akataka kuita. Ulimi ukalala. Daktari alisema ni presha.

Miezi ikapita, ndevu zikamfunika hadi kifuani. Jioni moja binti aliingia akiwa na furaha, kile kijiti cha mbao mkononi.

"Baba, naanza kazi ya wembe, na kesho nakurudishia uso wako! Nimehangaika, kila duka nne na sita. Ila kuna mama mmoja kule mwisho, mkarimu kweli. Eti una kovu kwenye taya, nikifika hapo nipite polepole. Mnajuana?"

Kovu lile lilikuwa chini ya ndevu tangu binti hajazaliwa.

Ndevu alikusanya nguvu zote alizobakiwa nazo. Akasukuma neno moja.

"Ba... ba..."

Binti akainama, akamfuta chozi kwa kiganja.

"Usilie, baba. Najua unafurahi."

Akaukunjua wembe wenye mpini mweusi kwenye mwanga wa dirisha, akaupima kwenye mwanya wa tano, akatabasamu. Kisha akaenda kutafuta beseni la asubuhi.