Salamu ya Utosini

Prado nyeusi ilikata kona ya Ngarenaro ikamkosakosa muuza mahindi. Muuza mahindi hajamaliza kutukana, pikipiki aina ya Honda nayo ikampita puani.

"Nyuki, jibu." Sauti ya Nelson, mkuu wa operesheni, ilikwaruza sikioni.

"Nyuki hapa."

"Namtaka akiwa hai. Rudia."

"Nimesikia."

"Sijasema usikie. Nimesema rudia."

Naisula, juu ya ile Honda, hakurudia. Angerudiaje, jamani, na mtu aliyekuwamo ndani ya Prado ile ndiye aliyemuua kaka yake?

Prado ikasimama mbele ya Aozora, lile duka la Wajapani la vifaa vya kuandikia, ghorofa tatu za vioo vinavyoutazama Mlima Meru. Akashuka mzee mrefu mwenye suti ya kijivu, mfuko wa karatasi mkononi. Pasi yake ya kibalozi ilisema anaitwa Davies Chanda, mtu wa nchi moja ya mbali huko kusini.

Chanda wapi! Naisula alijua yule ni Lekishon, ofisa wa zamani wa kikosi chao cha kupambana na magendo. Lekishon ambaye gari lake liliungua na mwili ndani, akazikwa kwao Elerai kwa heshima zote, watu wakalia mpaka sauti zikakauka.

Shida ilikuwa hapo. Marehemu hakamatwi, na balozi hapekuliwi. Saa kumi ndege yake ingeruka kutoka uwanja wa KIA, na akishapanda, basi tena.

"Nipe uhakika," Nelson alisema. "Nikiwa nao, ubalozi wake naufuta kwa simu moja. Bila huo usimguse hata kucha."

Uhakika! Vidole vyake Lekishon alikuwa ameviunguza kwa asidi, alama hazisomeki. Ndewe za masikio alizotobolewa utotoni alizishona. Hata meno ya kahawia, yale tunayopewa na maji ya mlima wetu, aliyang'oa akaweka meupe pee.

"Irasshaimase!"

Wasichana wa dukani walimkaribisha Naisula kwa pamoja, kama walivyofundishwa na mwenye duka, mmoja kwa lafudhi ya Kimeru kabisa. Akaitikia kwa kichwa, akaingia.

Kalamu zilijaa ukuta mzima. Pilot, Pentel, Zebra, Uni, kila aina na karatasi yake ya kujaribia. Vifutio vyenye umbo la samaki. Tepu za karatasi zenye maua. Penseli za kila rangi, na harufu ya karatasi mpya kila mahali. Kaka yake, Resiato, angepapenda mno mahali hapa. Alikuwa akichora flamingo wa ziwa Momela kwa kipisi cha penseli, kifupi hata kukishika ni kazi.

Mzee alikuwa ameshafika kwenye meza ya kufungia zawadi. Kwa Kiingereza cha puani alimwomba Sia, mfungaji, amfungie chupa za wino alizonunua pale jana. Sia akainua moja, akakunja uso. Akaipima tena mkononi.

Nzito.

"Nelson," Naisula alinong'ona. "Tanzanite. Ameitia ndani ya wino wa bluu. Ikishafungwa na kupigwa muhuri wa duka, nani ataifungua?"

"Mzigo wa balozi. Usiguse."

"Kamera za duka unaziona?"

"Zote. Mwenye duka ametupa ruhusa."

"Basi tazama."

Resiato alikutwa amelala kando ya ziwa Momela na tundu la risasi utosini. Si kifuani, si kisogoni. Utosini! Ripoti ikasema majangili. Lo, jangili gani anayeinamiwa kichwa? Kwao mdogo humwinamia mkubwa, na mkubwa humgusa utosi kwa kiganja. Ndiyo salamu, ndiyo heshima. Resiato aliota ndevu, akabeba bunduki ya serikali, lakini mbele ya Lekishon hakuacha kuinama, maana alimhesabu kuwa baba. Siku ile aliinama, na badala ya kiganja akapewa risasi.

Wakati huo Naisula alikuwa masomoni Morogoro. Lekishon hakuwahi kumtia machoni.

Akatembea taratibu mpaka mbele ya mzee.

"Shikamoo, baba."

Akainamisha kichwa.

Utosi wake ulikuwa wazi kama wa kaka yake siku ile. Aliona viatu vya mzee tu. Viatu havikusogea.

Kiganja kikatua kichwani mwake.

Kilikuja chenyewe, chepesi, bila kumuuliza mwenyewe. Kisha kikaruka kama kilichogusa jiko la mkaa. Wapi! Alikuwa amechelewa. Mazoea yana taabu.

Nelson naye alizaliwa Elerai, salamu ile aliijua.

"Hicho kiganja hakijatoka kusini," akasema sikioni. "Ubalozi umekwisha. Mchukue. Akiwa hai, Naisula!"

Mzee akapeleka mkono ndani ya koti. Beretta ikatokeza. Naisula akanyakua kalamu ya wino kwenye trei ya kujaribia, akaichomeka katikati ya kiganja kile kile. Mzee akapiga ukelele. Bastola ikaanguka, ikateleza chini ya rafu ya vifutio. Teke moja la goti, naye akashuka, akaziangusha chupa zake kutoka mezani. Zikapasuka. Wino ukatapakaa sakafuni na mawe ya bluu yakabingirika ndani yake.

Naisula akachomoa Glock, akaiweka utosini kwa mzee.

"Wewe nani?" Lekishon aliuliza. Kiswahili safi cha nyumbani.

"Dada yake Resiato."

Mzee akafumba macho.

"Kijana aliona mzigo wangu. Nilimsihi anyamaze, akakataa. Piga basi."

"Naisula!" Nelson alipiga kelele.

Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio. Alitaka. Mungu anajua alivyotaka! Miaka yote hiyo alilala na kuamka na picha ya kichwa hiki mbele ya bunduki yake.

"Hapana," akasema. "Umeshazikwa kwa heshima mara moja. Ya pili hupati. Utarudi Elerai na pingu, wale waliokulilia wakuone."

Akarudisha bastola kiunoni. Kisha, mbele ya Sia na wateja wote, akanyoosha mkono wake akamgusa Lekishon utosini, kama mtu mzima anavyomgusa mtoto.

"Marahaba," akamwambia.

Mzee akaanza kulia kwa sauti. Vijana wa Nelson walipoingia na pingu walimkuta bado analia.

Naisula akaruka dimbwi la wino, akaenda kwenye rafu ya penseli. Alichagua kwa makini. Akarudi na penseli moja ya Tombow, akaiweka mezani pamoja na hela. Sia akaichukua.

"Ni... ni zawadi, dada? Nikufungie?"

"Funga vizuri. Ni ya kaka yangu."

Sia akaifunga, akapiga muhuri. Naisula akashukuru, akatoka, akavaa helmeti na kuiwasha Honda. Akashika njia ya Momela.