Mkate wa Cassagne

Mimi Bastien siogopi mtu, awe hai, awe maiti. Muulize yeyote barabara ya Toulouse.

Jioni ile mama alinituma mkate. Kwa Mama Peyrade, mwoka mikate, ulikuwa umebaki mmoja tu rafuni, umepinduliwa tumbo juu.

"Acha huo," akaninong'oneza. "Wa Cassagne."

Cassagne! Mkata vichwa wa mfalme, aliyekuwa hanoi shoka makusudi ili watu wachelewe kufa. Mkate wake hupinduliwa mwingine asiuguse. Lakini Cassagne tulimzika Januari.

"Kwani maiti anatafuna, mama?"

"Kila asubuhi nakuta haupo. Nisipouweka, anakuja kubisha. Cheka tu, we mtoto."

Nikaunyakua. Nikautafuna njiani wote, mpaka ukoko. Nyumbani nikasema mikate imekwisha. Aubin, mdogo wangu wa miaka minane, akalala na njaa. Mama akaenda zizini kukamua mbuzi.

Nikabaki peke yangu, nacheua kwa raha.

Ko... ko... ko.

Kwanza ikaja harufu. Damu mbichi na vumbi la mbao. Mshumaa ukanywea.

"Nani kala mkate wangu?"

Sauti ya chini, nyuma ya mlango. Ya adabu kabisa.

Jasho likanitoka mpaka kwenye nyayo. Makombo yalikuwa bado kwenye ndevu zangu. Neno "mimi" nilikuwa nalo ulimini, naapa nilikuwa nalo.

"Aubin," nikasema.

Nyuma ya mlango akacheka polepole.

"Ndivyo ilivyokuwa siku zote, kijana. Mimi sikuwahi kumchagua mtu. Nililetewa jina tu."

Asubuhi Aubin aliamka na alama nyekundu shingoni, nyembamba kama uzi. Mama akasema amejikuna. Siku ya pili ikawa pana kama kidole. Siku ya tatu ikaanza kuvuja damu, na mama akafunga kitambaa huku akilia, akiniuliza nimemlisha nini mtoto.

Sikumlisha kitu. Hilo ni kweli tupu.

Leo jua lilipozama Aubin kanishika mkono. Vidole vyake baridi.

"Kaka... yupo mlangoni. Anasema leo anamaliza. Anauliza kama jina ni lilelile."

Nikamfunika blanketi vizuri.

"Lala, mdogo wangu," nikamwambia. "Mwambie ni lilelile."